Kilemba cha Ukoka

Punda wa Shelui alipoingia mwaka wa pili alikuwa na kozi saba. Miguu minne, kozi saba. Hesabu hiyo haikuhitaji mhadhiri, lakini chuo cha wanyama kilichoko mwambani, pale mawe makubwa yanapolitazama ziwa Singidani, hakikuwa na kawaida ya kumhesabia mtu miguu. Kilikuwa na fomu. Ukijaza mistari saba, una kozi saba.

Tano zilikuwa za lazima: Ubebaji wa Pili, Njia na Mapito, Vipimo, Maradhi ya Kwato, na Lugha ya Binadamu, ambayo nusu yake ni matusi. Mbili zilikuwa za hiari. Moja ni Elimu ya Nyota, aliyoichukua kwa sababu amekulia kwenye safari za usiku na alitaka kujua majina ya vile vitu vilivyokuwa vikimwonyesha njia tangu utotoni. Nyingine ni Nadharia ya Kuruka, na hiyo ndiyo iliyoleta mkasa.

Nadharia ya Kuruka ilifundishwa na Profesa Heroe, yule ndege wa waridi anayesimama majini kwa mguu mmoja kama anayefikiri. Kozi yake haikuwa na sharti la mabawa. Nadharia, alisema Profesa, haibagui. Wiki ya kwanza ya muhula, alizeti zikiwa zimechanua kuanzia Ikungi mpaka Ilongero, Punda alipita karibu na ukumbi wake akasikia makofi, akaingia. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ni alizeti changa, hugeuza shingo linakokwenda jua. Alizeti ikikomaa hutulia ikatazama mashariki, lakini kukomaa kunataka muda, na dirisha la kujiandikisha lilikuwa linafungwa saa tisa na nusu.

Habari zilifika Shelui kabla wino haujakauka. "Mtoto wetu anasoma kuruka!" Baba mtu alinunuliwa pombe ya mtama jioni nzima. Majirani wakaja kumsalimu mama mtu, wakataka kujua kijana akirudi atatua uwanjani au juu ya paa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za Maradhi ya Kwato, ingawa kijiji kizima kilikuwa kinachechemea.

Basi muhula ukaanza. Punda hakuwa na mjomba mwenye kiwanda cha mafuta. Pumba za Bodi ya Mikopo zilikuja kwa kuchelewa na kuondoka kwa kuwahi, kwa hiyo kila alfajiri alivuta mkokoteni wa vitunguu soko la Misuna, na kila jioni alichota maji kwa ajili ya mwenye nyumba wake, Shangazi Kuku, kufidia kodi ya geto.

Ni pale Misuna alipojifunza jambo ambalo kozi ya Vipimo ilikuwa bado haijalifikia. Alimtazama mchuuzi anavyojaza gunia. Mchuuzi hujaza hadi mdomoni, halafu hashoni. Huchukua kipande cha neti, akakizungushia mdomo wa gunia, akaendelea kumimina. Hupiga teke ubavuni ili vitunguu vishuke, akaongeza vingine. Mwisho hukaza kamba, na kile kichuguu kikasimama juu ya gunia kama kilemba juu ya kichwa cha bwana harusi. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, Wakala wa Vipimo hupita wakikemea na kukamata, na kilemba hurudi kila msimu. Sababu ni nyepesi: bei ni ya gunia moja, kilemba ni bure. Mkulima halipwi kilemba. Mwenye mkokoteni halipwi kilemba. Anayekula kilemba ni yule ambaye hakukilima wala hakukivuta.

Punda aliyaona hayo yote, akasikitika kwa ajili ya mkulima, akaenda darasani kusoma kuruka.

Kufikia wiki ya tano alikuwa analala amesimama. Punda huweza kulala amesimama, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Katika Njia na Mapito alipotea kati ya maktaba na choo. Katika Maradhi ya Kwato aliandika majibu ya Vipimo. Jaribio la kwanza la Kuruka liliporudi alikuta ameambulia 3 kati ya 20, na pembeni Profesa ameandika kwa wino wa waridi: "Tanua mabawa zaidi." Lile la Nyota, alilosomea barabarani usiku akivuta mkokoteni mtupu na macho yake yako juu, alipata 17.

Hapo ndipo wazo lilipomjia, la aibu kama mwizi: je, nikiacha kozi moja?

Akaenda kuomba ushauri, maana kwetu jambo la mtu mmoja huamuliwa na watu tisa.

Shangazi Kuku aliweka chini kata ya uji. "Baba yangu," alisema, "ukoo wetu haujawahi kuacha kitu katikati. Kaka zangu watatu walichaguliwa kwenda Dar es Salaam. Walipandishwa juu ya basi kwenye tenga, kila mtu stendi akiwatazama. Hakuna aliyesema nimechoka, nishusheni Manyoni." Punda akauliza wanaendeleaje huko. "Mji una shughuli nyingi," alijibu Shangazi, "hawajapata nafasi ya kupiga simu." Kuku wa Singida wana sifa kubwa Dar es Salaam, na wote waliokwenda kuifuata sifa hiyo bado wana shughuli nyingi.

Sungura alimkuta kibarazani, miguu juu, mluzi mdomoni. "Kuacha kozi? Mimi ninazo nane."

"Unazimudu vipi?"

"Sihudhurii hata moja. Desa zipo, ndugu yangu. Usiku wa mwisho nameza, asubuhi natapika, mchana nimesahau."

Profesa Heroe alimpokea ziwani. "Tazama," alisema, akionyesha kwa mdomo mguu uliokunjwa. "Nimesimama kwa mguu mmoja tangu alfajiri. Umenisikia nikilalamika?" Punda alitazama juu ya mgongo wa Profesa, akaona hakuna kitu, si dumu, si kamba. Alitaka kulisema hilo, adabu ikamzuia. Profesa akashusha sauti. "Halafu, mwanangu, darasa likipungua chini ya wanafunzi kumi linafutwa. Sasa mko kumi. Subiri angalau Jumatatu, majina yakishapelekwa juu."

Angalia jambo hili: wote watatu walimshauri wakimtazama masikio. Hakuna aliyezunguka kumtazama mgongo.

Mgongo wake ulijulikana na mmoja tu, Mjomba Shashi, yule ndege mdogo anayekula kupe. Huyu hakuwa msomi. Alikuwa ameishi mgongoni mwa Punda tangu mwaka wa kwanza, na alikijua kidonda kilichoko chini ya kamba ya madumu kama wewe unavyoijua njia ya nyumbani kwako. Siku hiyo walikuwa wamesimama na mkokoteni karibu na mizani ya Njuki, foleni haisogei, na mbele yao lori lilikuwa limeandikwa nyuma kwa herufi za rangi: BORA PUNDA AFE, MZIGO UFIKE.

Punda alisoma, akameza mate. Msemo huo umezunguka Tanzania nzima nyuma ya malori, bajaji na bodaboda, na mtunzi wake hafahamiki. Ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba hakuwa punda.

"Mjomba," alisema Punda, "mimi nimeshindwa."

"Umeshindwa nini? Hebu tuhesabu kwanza. Krediti moja ni saa ngapi za kazi?"

"Kumi." Chuo kilikuwa kimeiga kwa binadamu. Tume yao ya Vyuo Vikuu inahesabu hivyo hivyo, krediti moja kwa saa kumi, na shahada ya miaka mitatu inaanzia krediti 360. Ukigawanya unapata 120 kwa mwaka, 60 kwa muhula.

"Wewe una ngapi muhula huu?"

"Kozi saba kwa kumi na mbili. Themanini na nne."

"Saa 840. Muhula una wiki 15. Kwa wiki?"

Punda alifunga macho. Kozi ya Vipimo ilikuwa imemwingia kuliko alivyodhani. "Hamsini na sita."

"Lori lile mbele yetu," alisema Shashi, "kikomo chake kwa sheria ya Afrika Mashariki ni tani 56. Lakini lori la tani 56 lina ekseli saba. Wewe una ekseli mbili, na bado sijahesabu vitunguu vya alfajiri wala maji ya Shangazi Kuku. Kwanza hayo maji: mwili wako una kilo 150 hivi, mzigo wa mgongoni mwa punda haupaswi kuzidi theluthi ya hapo, yaani 50. Shangazi anakutwisha madumu manne ya lita 20. Themanini hizo! Umezoea kuzidishiwa mpaka unadhani ndicho kipimo chako."

Wakati huohuo lori lilipanda mizani. Namba zikawaka. Likazidi. Pale Njuki hakukuwa na hotuba. Tangu sheria ile ya mwaka 2016 ianze kubana kwetu Machi 2019, aliyezidisha hulipa na mzigo uliozidi hushushwa. Utingo akapanda juu, akafungua turubai, magunia yakaanza kuteremka moja moja, na la kwanza kushuka lilikuwa lililopandishwa mwisho. Dereva alinung'unika habari ya faini. Lakini Punda alitega masikio yake yote mawili, na yale si masikio madogo, asisikie mtu hata mmoja akisema kwamba lori lile ni jinga, au limewaaibisha malori wenzake, au kwao hawajawahi kushusha. Lilipungua, likapimwa tena, likaondoka.

"Kwa nini sisi hatuna mizani?" aliuliza Punda.

"Mnayo. Inaitwa wiki ya sita. Baada ya hapo hakuna pa kushushia, kuna pa kuangushia tu."

Wiki ya sita ilikuwa inaanza Jumatatu.

Jumamosi Punda akapata lifti ya lori la mashudu mpaka Shelui. Alikuwa na hofu moja iliyokuwa kubwa kuliko zote: baba. Waliteremka Sekenke jua likizama, ile mbuga ya Wembere imetandaza chini hadi macho yachoke. Nyumbani akapokewa na ngoma. Watoto walimgeuza geuza wakitafuta mabawa.

Baada ya chakula baba alianza, kama anavyoanza kila Jumamosi. "Mnauona mlima ule? Mimi nimeupandisha na magunia mawili ya mpunga. Mawili! Barabara ya vumbi, malori yamelala kushoto na kulia, mimi napita katikati. Sikushusha hata chembe. Damu hiyo ndiyo iliyomo ndani ya huyu kijana."

Wazee wakaitikia. Punda akainamisha kichwa, maneno aliyokuja nayo yakamrudia tumboni.

Mama alikuwa anapepeta uwele gizani. Hakuinua uso. "Mwambie mtoto na siku ngapi."

"Siku ngapi nini?"

"Ulipandisha kwa siku ngapi."

Pakawa kimya. Hata upepo wa Singida, ambao hauna adabu ya kunyamaza kwa ajili ya mtu, ulitulia kidogo.

"Alipandisha moja," alisema mama, ungo unaendelea. "Akalifikisha Misigiri, akalala huko. Kesho yake akashuka kulifuata la pili. Lilikuwa limelala kwetu, hapo chini ya mlima, aliomba hifadhi kwa baba yangu. Mimi ndiye niliyelilinda na panya usiku kucha. Ndivyo tulivyojuana."

Baba alikohoa. "Kilabuni hawajawahi kuniuliza siku."

"Na mimi sijawahi kuulizwa kilabuni," alisema mama.

Punda aliwatazama wazazi wake wawili, akajitazama na yeye, akaona kwamba kama lile gunia lisingeachwa chini ya mlima yeye asingekuwepo. Usiku huo alilala amelala, ubavu kwa ubavu na ardhi, kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze.

Aliporudi chuoni na kutangaza kwamba anaacha kozi moja, alikuta upepo umegeuka. Sasa kila mtu alikubali, ila kila mtu alikuwa amemchagulia. "Acha Nyota," alisema Shangazi Kuku. "Nyota hazina ajira." Sungura naye: "Kuruka umeshanunua manyoya, kaka. Arobaini! Utayapeleka wapi?" Kweli alikuwa ameyanunua, kwa fedha ya vitunguu ya wiki tatu, na yalikuwa yamepangwa ukutani kwenye geto kama vyombo vya bibi harusi.

Aliyaangalia manyoya yale jioni nzima. Hapa namwonea huruma, maana najua wengi waliosoma miaka minne wakiyaangalia manyoya.

"Ukiacha yatabaki manyoya," alisema Shashi kutoka mgongoni. "Ukifeli pia yatabaki manyoya. Tazama kinachokuja. Ili uingie mtihani wa mwisho unahitaji 16 kati ya 40. Kwenye Kuruka una 3. Jaribio la pili lazima upate 13, wewe uliyepata 3. Utazitoa wapi, na kwa saa za nani? Kwenye Nyota una 17, umeshavuka tayari, na unaisoma ukiwa njiani. Sasa niambie gunia ni lipi na kilemba ni kipi."

Punda hakujibu. Alikuwa ameanza kuyafungua manyoya ukutani, moja moja. Shangazi Kuku aliyanunua yote kwa nusu bei. Alisema ni kumbukumbu za jamaa.

Hofu ya pumba nayo ilimtoka siku aliposoma kanuni. Alikuwa amesikia kwamba ukiacha kozi Bodi inakata. Kanuni zilikuwa zimebandikwa nyuma ya mlango wa ofisi, na kwa kuwa mlango hukaa wazi mchana kutwa hakuna aliyewahi kuziona. Punda aliufunga akasoma. Kinachotakiwa ni krediti 60. Akiacha moja atabaki na 72, saa 48 kwa wiki. Bado ni nyingi, akaona, lakini ni za kubebeka, hasa madumu yakiwa mawili. Madumu yakawa mawili. Shangazi alinuna siku moja, akasahau.

Ikabaki fomu. Sahihi ya kwanza ni ya mhadhiri: Heroe alitia kwa mdomo, bila kumwangalia, Jumanne. Ya pili ni muhuri wa Msajili, na Msajili ni Fisi.

Lazima uielewe meza ya Fisi. Kozi ikiachwa mapema, hailipiwi chochote. Kozi ikiangushwa, kuna ada ya sapu, na ikiangushwa tena kuna ada ya kurudia, na anayedisko huacha godoro. Vyote hivyo hupita mezani pake. Ni kama Sekenke ya zamani: lori likimwaga juu, chini yuko mtu tayari na kikapu, na mtu huyo hawezi kuwa mpenzi wa mizani.

"Shikamoo Mzee Msajili," alisema Punda Jumatano.

"Marahaba, kijana wetu. Muhuri ameondoka nao naibu."

Alhamisi muhuri ulikuwepo, wino ukawa umekwisha. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, mwisho saa tisa na nusu. Saa tisa na dakika kumi, Fisi alikuwa anakunywa chai. Akacheka kile kicheko chake. "Kwa nini usijikaze tu, mwanangu? Unajua wahenga wanavyosema habari ya punda na mzigo."

"Nimeusoma, mzee. Nyuma ya lori."

Saa tisa na robo. Saa tisa na dakika ishirini. Punda aliiweka fomu mezani taratibu. Kisha akageuka, kwa adabu zote, kama mtu anayetaka kutazama mandhari ya ziwa dirishani, akampa Msajili mgongo. Kwato mbili za nyuma zikawa usawa wa kikombe cha chai. Hakusema neno. Shashi, kutoka juu, alitaja saa: "Tisa na dakika ishirini na tatu."

Fadhila za punda Fisi alizijua. Wino ulipatikana ndani ya droo ya kwanza.

Muhula uliisha. Punda alifaulu sita, Maradhi ya Kwato kwa shida, Nyota kwa alama ya juu kuliko wote, na Shelui akapokewa na watu wengi wanaochechemea. Sungura alipata sapu tano, analipa kwa awamu. Profesa Heroe hakusahihisha mtihani wa Kuruka kwa sababu haukufanyika: maji ya Singidani yalipobadilika yeye na jamaa zake wote waliondoka usiku mmoja, na wale wanafunzi tisa waliobaki wameandikiwa kwamba kozi imeahirishwa. Ipo kwenye ratiba mpaka leo.

Kwa wewe mwenye fomu mfukoni: mwisho ni Ijumaa ya wiki ya sita, saa tisa na nusu alasiri. Muhuri uko kwa Fisi, droo ya kwanza. Nenda Jumatano.